Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wahenga wetu walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake si ngeni kwa msomaji: yule awafinyangiaye watu wote vyungu na mabakuli, yeye mwenyewe hukutwa akila katika kipande cha chungu kilichovunjika, kwa kuwa kila chombo kizima kimekwenda sokoni. Shuleni tulifundishwa methali hii pamoja na nyinginezo. Tuliiandika katika madaftari yetu, tukaulizwa maana yake katika mitihani, nasi tukajibu kwamba yawahusu watu wasiofaidi matunda ya kazi yao. Tukapata alama zetu. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza mfinyanzi huyo ni nani, anakaa wapi, na kama bado yu hai.

Swali hilo lilitujia tukiwa watu wazima, tena mbali na kwetu, katika mji mdogo wa Uingereza uitwao Farnham. Tunapenda kueleza hapa jinsi lilivyotujia, kwa sababu tunaamini kuwa si swali letu peke yetu.

Tulikuwa watu 11, walimu wa sanaa na maofisa utamaduni kutoka mikoa mbalimbali ya Tanzania, tuliokwenda London mwaka 2019 kwa mafunzo ya majuma machache. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba wenyeji wetu walituandalia ziara ya kutembelea karakana za wafinyanzi. Asubuhi tukapanda treni katika stesheni ya Waterloo, na baada ya muda wa saa moja hivi tukashuka Farnham, katika jimbo la Surrey, kusini-magharibi ya London. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha. Kiongozi wa msafara wetu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja tu kustaafu, alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado alikuwa akitetemeka. Njia nzima alikuwa akituuliza, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli, kama tumevuka bahari kwenda kutazama vyungu.

Farnham ni mji wa chuo. Shule ya sanaa ilianzishwa hapo mwaka 1866, na shule hiyo leo ni sehemu ya chuo kikuu kinachofundisha sanaa za ubunifu. Lakini ufinyanzi wa mahali hapo ni mkongwe kuliko chuo. Katika msitu wa Alice Holt, ulio karibu na mji, palikuwa na wafinyanzi wengi katika zama za utawala wa Warumi, na vyombo vyao viliuzwa mpaka London. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1870, fundi mmoja aitwaye Absalom Harris alifungua kiwanda chake katika kijiji cha Wrecclesham, nje kidogo ya mji. Alifinyanga vyungu vya maua, vichwa vya mabomba ya moshi, na vyombo vya nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 mwalimu wa shule ya sanaa, W. H. Allen, alianza kushirikiana na kiwanda hicho: walimu na wanafunzi wakabuni sura na nakshi za vyombo, na mafundi wa kijijini wakavifinyanga na kuvichoma. Ukoo wa Harris uliendelea na kazi hiyo hadi miaka ya 1990.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia. Chuo hakikuleta ufinyanzi Farnham, kiliukuta. Na kilipoukuta hakikuudharau, bali kilitoka nje ya kuta zake kikaenda kwa mfinyanzi.

Karakana ya kwanza tuliyoitembelea ilikuwa ya kijana mmoja aliyehitimu katika chuo hicho. Alikuwa na gurudumu la umeme, na katika kona palikuwa na tanuri la chuma linalofikia joto la nyuzi 1,280 za Selsiasi. Alitutengenezea bakuli mbele ya macho yetu kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kuvua makoti. Kisha akaligeuza bakuli jingine, lililokwisha kuchomwa, akatuonyesha alama ndogo iliyopigwa chini yake. Ndiyo sahihi yake. Kila chombo kitokacho mikononi mwake hubeba alama hiyo, na mnunuzi huitafuta kabla ya kuuliza bei. Bei yenyewe ilikuwa paundi 45 kwa bakuli moja. Mzee wetu alilichukua bakuli, akaligonga kwa ukucha likalia kama kengele, akalirudisha rafuni kwa mikono miwili.

Halafu akauliza: "Kikiwekwa juu ya mafiga, moto ukakolezwa, chombo hiki kitafanyaje?"

Kijana akacheka, akasema kitapasuka.

Jibu hilo lilituamsha. Udongo uliochomwa kwa joto kali namna ile hushikamana ukawa kama jiwe, wala haupitishi maji. Hata hivyo hauvumilii moto wa ghafla upande mmoja. Chungu cha kwetu huchomwa uwanjani kwa kuni na majani makavu, kwa joto dogo zaidi. Udongo wake hubaki na vinyweleo na chembe za mchanga, na kwa ajili hiyo hupanuka na kunywea juu ya mafiga bila kupasuka. Vinyweleo hivyo hivyo ndivyo vinavyoufanya mtungi utoe jasho, na jasho likikauka maji ya ndani hupoa. Bibi zetu hawakupungukiwa na ujuzi wa moto mkali; walikuwa na haja ya chombo cha namna nyingine, wakajua namna ya kukipata. Sisi tuliokwenda shule tulikuwa tumeviita vyombo vyao duni, na ilitubidi tufike Surrey ndipo tujue sababu ya vinyweleo.

Kutoka hapo tulipelekwa katika kituo cha uchunguzi wa sanaa za mikono, kilicho ndani ya eneo la chuo na kilichofunguliwa hapo mwaka 2004. Humo zimehifadhiwa kazi na karatasi za mafundi wa karne ya 20, akiwamo Bernard Leach, ambaye Waingereza humhesabu kuwa baba wa ufinyanzi wao wa kisasa. Mwenyeji wetu alitueleza mengi juu ya Leach na safari zake za Japani. Kisha, pengine kwa kuwa aliona sisi ni Waafrika, akatusimulia habari za mwanafunzi wa Leach aitwaye Michael Cardew.

Cardew alikwenda Afrika Magharibi mwaka 1942 kufundisha ufinyanzi huko Achimota, katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1951 akaenda Nigeria, akaanzisha kituo cha mafunzo katika mji wa Abuja, ambao sasa unaitwa Suleja baada ya jina la Abuja kupewa mji mkuu mpya. Alikuwa amepelekwa kuwafundisha Waafrika gurudumu na tanuri. Lakini katika nyumba ya Emiri wa Abuja aliiona mitungi iliyofinyangwa kwa mikono mitupu, yenye nakshi za mijusi na samaki, akashikwa na mshangao. Mitungi hiyo ilikuwa kazi ya mwanamke wa kabila la Wagbari aitwaye Ladi Kwali, aliyefundishwa kazi hiyo na shangazi yake alipokuwa mtoto. Mwaka 1954 Ladi Kwali alijiunga na kituo. Alijifunza gurudumu, lakini hakuiacha njia yake: kuviringisha udongo kama kamba, kuipanga kamba juu ya kamba, na kukizunguka chombo kwa kurudi kinyumenyume huku mkono mmoja ukiwa ndani na mwingine nje. Baadaye alialikwa Uingereza na Marekani kuionyesha kazi yake mbele ya watu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima, na baada ya kufariki kwake mwaka 1984 sura yake iliwekwa katika noti ya naira 20.

Habari hizo zilitupendeza, ila mwenzetu mmoja akasema jambo ambalo mwenyeji wetu alikubali kuwa ni kweli. Mtungi wa Ladi Kwali ulipotiwa mng'aro wa kioo na kuchomwa katika tanuri la kituo, uliacha kutoa jasho. Haukuweza tena kupoza maji. Ulikuwa umepanda cheo na kuwa pambo, lakini umeachishwa kazi yake. Tuliona kwamba hata katika heshima kuna hasara, na kwamba si kila kinachowekwa ndani ya kabati la kioo kimeokolewa.

Mkondo uliotoka Abuja ulifika mpaka hapo tulipokuwa tumesimama. Siddig El Nigoumi, fundi wa Sudan aliyezaliwa mwaka 1931, alifundisha ufinyanzi Farnham kwa miaka mingi. Aliving'arisha vyombo vyake kwa kuvisugua, akavichora na kuvitia moshi kwa namna iliyotokana na kwao, na alifariki mwaka 1996. Magdalene Odundo, binti wa Kenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuja kusoma Farnham mwaka 1973, na mwaka 1974 akaenda Abuja kujifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake. Leo vyombo vyake, vilivyofinyangwa bila gurudumu na kung'arishwa bila mng'aro wa kioo, vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Alirudi Farnham akafundisha, akawa profesa, na mwaka 2018 akasimikwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu kile kile. Mzee wetu aliposikia kwamba binti wa Nairobi, aliyekwenda kukaa mkekani na wanawake wa Abuja, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa chuo cha Waingereza, alifungua vifungo vya koti la juu.

Karakana ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, nyuma ya nyumba yake, katika jengo lililokuwa zamani banda la farasi. Hakuwa na gurudumu. Alikuwa na meza, ndoo ya udongo, mawe laini ya kusugulia, na vibuyu vikavu vilivyokatwa vya kukwangulia. Mwenzetu mmoja, dada aliyetoka wilaya ya Kyela, alipoviona vibuyu hivyo alisimama mlangoni kwa muda. Hatukujua kwa nini.

Mama yule alitukaribisha chai. Vikombe vyote vilikuwa kazi ya mikono yake, na vyote vilikuwa na ila: kimoja kimepinda, kingine kina ufa uliozibwa, kingine mkono umekaa upande. Alituomba radhi, akasema vikombe vizuri ameviuza. Tukatazamana, kisha tukacheka sote kwa pamoja hata akaingiwa na wasiwasi. Mzee wetu akamfasiria methali. Mama yule akaiandika ukutani kwa kipande cha chaki, kwa Kiswahili, huku tukimtajia herufi moja moja. Akasema ameifanya kazi hiyo kwa miaka 20, na kwamba yeye na wenzake wengi hawaishi kwa kuuza vyombo tu. Wengi hufundisha ili wapate kodi ya nyumba.

"Kwetu," akasema dada wa Kyela kwa sauti ya chini, "mfinyanzi siku hizi hulia katika sahani ya plastiki."

Kisha mama akaketi akaanza kufinyanga. Aliviringisha udongo kama kamba, akaipanga, akaibana kwa kidole gumba, akapandisha ukuta wa chungu taratibu, huku akitueleza kwamba amechanganya udongo huo na unga wa magae yaliyotwangwa, ili chombo kisipasuke motoni. Tukamwuliza amejifunza wapi. Akajibu kwamba alijifunza chuoni, ukubwani, baada ya kuacha kazi ya benki. "Mwalimu wangu," akasema, "alijifunza kwa wanawake wa Abuja."

Mzee wetu hapo akamgeukia mwenzetu. Alijua kwamba ametoka pwani ya Ziwa Nyasa, nchi ya Wakisi, ambao vyungu vyao vinajulikana kote katika nyanda zile. "Dada," akamwambia, "hebu keti. Nasi tumwonyeshe mwenyeji wetu ya kwetu."

Dada akakataa. Mzee akadhani ni haya, akamsihi, na sisi wengine tukamsihi vile vile. Mama wa nyumba akampisha kiti na kumpa udongo. Akaketi. Akaufinya, akajaribu kuupandisha, na ukuta ukalegea. Akajaribu tena. Mara ya tatu chombo kikaanguka upande, naye akaiweka mikono yake juu ya meza ikiwa na udongo mpaka vifundoni, akasema kwa Kiingereza ili mwenyeji naye asikie: "Mama yangu ni mfinyanzi. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Mimi sijui."

Hapana aliyesema neno. Mama yule alichukua kitambaa chenye maji, akampa. Tukaaga mapema kuliko ilivyopangwa.

Ndani ya treni, giza likiwa limekwisha kuingia, mwenzetu alitusimulia bila kuulizwa. Kijijini kwao milima ya Livingstone hushuka mpaka ziwani, na ardhi ya kulima ni haba. Kwa hiyo tangu zamani wanawake walifinyanga, na vyungu vikapakiwa katika mitumbwi kwenda kubadilishwa kwa chakula kwa Wanyakyusa; na siku ya Jumamosi vilipangwa sokoni Lyulilo, karibu na Matema. Mama yake alifinyanga akiwa amekaa chini, akikizungusha chungu juu ya gae kwa mkono. Yeye alikuwa akipita katikati ya vyungu vibichi akienda shule, na mama yake akimkemea asiviguse. Hakumkemea kwa kuwa vilikuwa vibichi tu. Alikuwa akimwambia: "Mikono yako ni ya kalamu." Ada ya shule ya sekondari ilitoka katika vyungu. Sare ilitoka katika vyungu. Kila chungu kilichouzwa kilimpeleka mbali kidogo na chungu kingine.

"Ameniuza hata nikawa mwalimu wa sanaa," akasema, "na sanaa iliyonisomesha ndiyo nisiyoijua."

Mabishano yakazuka baina yetu, na tunayaandika kwa kuwa kila upande ulikuwa na haki yake. Mwenzetu wa Shinyanga alisema tusijidanganye kwa machozi. Kuchimba udongo, kuubeba kichwani, kuutwanga, kukata kuni, kuvizuia vyungu visinyeshewe, kisha kuviuza kwa fedha isiyotosha sukari: kazi hiyo huvunja mgongo, na mama aliyemwepusha binti yake nayo alitenda kwa busara. Ndoo ya plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na mtoto wa kike aibebaye hupata nafuu. Wangapi kati yetu, akauliza, tungependa binti zetu wakae chini wafinyange?

Hakuna aliyenyosha mkono. Lakini mwenzetu wa Tanga akajibu kwamba kosa halikuwa la mama. Mama alifanya hesabu kwa bei iliyokuwako, na bei hiyo tuliiweka sisi. Sisi ndio tuliomlipa mfinyanzi shilingi chache bila kumwuliza jina, kisha tukanunua kikombe cha kigeni kwa maradufu. Shuleni ufinyanzi tuliufanya kipindi cha mwisho cha Ijumaa, watoto wakifinyanga vibao vya maonyesho vilivyokauka na kutupwa, huku mfinyanzi mwenyewe akipita barabarani na mzigo wake kichwani, wala hatukumwita aingie darasani. Tulisema hana cheti.

Hapo ndipo tulipolielewa jambo la Farnham. Ujuzi wa kupandisha chungu bila gurudumu ulikuwa umetoka kwa shangazi wa Ladi Kwali, ukafika kwake, ukafika kwa binti wa Nairobi, ukavuka bahari mpaka kwa mwanamke aliyeacha kazi ya benki huko Surrey. Maelfu ya kilomita. Na ujuzi mwingine, usio na upungufu wowote mbele ya huo, ulikuwa umeshindwa kuvuka hatua tatu za uwanja mmoja huko Ziwa Nyasa, kutoka kwa mama mpaka kwa binti yake. Umbali si ule uliozuia. Ule wa kwanza ulikuta mtu aliyekaa chini akasema nifundishe. Huu wa pili haukumkuta.

Ufundi hauuawi na ndoo ya plastiki. Huko Uingereza viwanda vilifinyanga sahani kwa mamilioni tangu karne ya 18, na bado mfinyanzi wa mikono yuko, kwa kuwa kuna mtu anayeendelea kujifunza na kuna chuo kilichomfungulia mlango. Tulizoea kusema kwamba sanaa zetu zinakufa kwa kukosa sifa, ndiyo maana tukazichapia vitabu, tukazifanyia maonyesho na hotuba. Sifa ni njema. Lakini mtungi wa Ladi Kwali ulipata sifa zote hata ukafika katika noti ya benki, na kilichouhifadhi ufundi wake si noti, bali ni mikono ya wale aliowafundisha. Sanaa hufa kwa kukosa mwanafunzi.

Mwaka uliofuata tulipata barua kutoka kwa mwenzetu wa Kyela. Alikuwa amechukua likizo akaenda kwa mama yake, akamwomba amfundishe. Mama alicheka sana, akadhani mwanawe amefukuzwa kazi. Alipoelewa kwamba sivyo, alinyamaza, kisha akamtuma kuchimba udongo. Hakumpa wa kufinyanga kwa siku nne. Alimpa wa kukanda tu. Vyungu vyake vitatu vya kwanza vilipasuka motoni. Mama aliyakusanya magae yake, wala hakuyatupa. Usiku, walipokuwa wakila, mama akamwuliza juu ya yule mwanamke wa Kizungu mwenye vibuyu, na ni nani aliyemfundisha. Akamweleza habari za Abuja. Mama akafikiri, akasema: "Basi wale walikuwa na watu wa kuwafundisha."

Katika barua hiyo mwenzetu aliuliza kama mwaka unaofuata angeweza kumleta mama yake chuoni kwetu, akae na wanafunzi wa ualimu kwa mwezi mmoja, na alipwe kama anavyolipwa mkufunzi mgeni. Tulilipeleka ombi hilo mahali panapohusika. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna fungu la kumlipa mtu asiye na cheti. Tukaandika tena. Jibu la pili liliruhusu majuma mawili. Mama alikuja kwa basi na udongo wake ndani ya gunia, kwa kuwa hakuuamini udongo wa mahali pengine, na wanafunzi 17 walijiandikisha. Siku ya mwisho tulimwomba aweke alama yake chini ya vyungu alivyotufinyangia. Alicheka, akasema yeyote wa kwao akikiona chungu atajua ni cha nani. Lakini tulipomwomba mara ya pili aliikubali rai yetu, akaweka kidole gumba chake katika udongo ungali mbichi.

Hatudai kwamba jambo hili dogo limeuokoa ufinyanzi wa nchi hii. Tunasema tu kwamba limewezekana, tena kwa gharama ya nauli ya basi na posho ya majuma mawili. Katika kila mkoa wenye chuo cha ualimu pana udongo mahali fulani, na ulipo udongo aghalabu yupo mama anayeujua. Chuo na kitoke kuta zake kimwendee, maana yeye hatakuja kwetu kuomba nafasi; hajui kwamba tunamhitaji, na miaka mingi tumemwonyesha kuwa hatumhitaji.

Tumeifikiria upya methali yetu. Zamani tuliona aibu tupu katika lile gae: mtu fukara anayelia chakula chake katika kilichovunjika. Sasa twajua kwamba juu ya gae ndipo chungu kipya kinapozungushwa, na kwamba gae likitwangwa na kuchanganywa na udongo ndilo linaloufanya usipasuke motoni. Aibu si gae. Aibu ni sisi tulioshiba katika vyombo vya mfinyanzi na kumwacha bila mtu wa kumrithi. Mama wa Kyela sasa amezeeka, na wenzake kadhalika. Udongo uwahi ungali maji.